Kwa nini jiko la udongo hupasuka

JIKO likimwagikiwa maji lingali na moto, mpishi wa Gotu, Isiolo, husikia mlio, kisha huona ufa. Udongo hutanuka kwa joto na kunywea upoapo. Uso ukipoa ghafla kabla ya kiini, kauri, isiyonyumbuka kama chuma, hupasuka.

Bati nalo hutanuka kuliko udongo. Ndiyo maana katika jiko la kauri la Kenya, lililoenea tangu miaka ya 1980, viwili hivyo hutenganishwa na tabaka la saruji na vamikulaiti.

Kauri zenye lithiamu, zitumikazo kwenye majiko ya umeme ughaibuni, karibu hazitanuki kabisa. Maabara sasa huzichoma kwa mikrowevu: mawimbi hupenya unga wenyewe, kazi ya saa ikawa ya dakika, na chembe hubaki ndogo, hivyo kauri huwa ngumu zaidi.