Mtoto Asiyetulia Darasani

Katika mazoezi ya kufundisha, tumewaona walimu wanafunzi wakimwadhibu mtoto wa darasa la kwanza asiyetulia, wakidhani ni mtukutu. Nasi tuliwahi kukosea hivyo. Yawezekana mtoto huyo ana upungufu wa umakini pamoja na wepesi uliokithiri, hali ihusuyo ukuaji wa ubongo, wala haisababishwi na malezi mabaya.

Kuithibitisha hali hiyo ni kazi ya mtaalamu wa tiba. Kazi ya mwalimu ni kuandika ayaonayo: ni lini mtoto huinuka, huwakatiza wenzake, husahau kalamu. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, dalili sharti zidumu angalau miezi 6, kadhaa zianze kabla ya miaka 12, tena zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Kwa hiyo mzazi aulizwe kwa heshima, asilaumiwe. Masikio na macho nayo yapimwe, kwani asiyesikia vizuri pia huhangaika.

Wakati huo mtoto aketi mbele, apewe maagizo mafupi, kazi igawanywe, na asifiwe papo hapo afanyapo vema. Fimbo haimfundishi kutulia. Humfundisha kuichukia shule.