Diski za Nyuma na Miteremko ya Karatu

Gari linaloshuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hadi Karatu mjini, kwenye mita 1,500 hivi, limeteremka karibu mita 700. Kwa gari la kilo 1,000, nguvu ya mteremko huo ikigeuka joto inatosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20. Sehemu yake huishia kwenye upepo na matairi. Iliyobaki ni ya injini au breki. Mbele zaidi kuna mteremko wa ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu. Si ajabu mwenye Starlet au Corolla ya zamani akatamani kung'oa dramu za nyuma na kufunga diski. Lakini kwa magari mengi ya namna hiyo, naona fedha hiyo inapelekwa kwenye magurudumu yasiyoihitaji zaidi.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari hulalia mbele, na kwenye mteremko hulalia zaidi. Magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, kwa hiyo breki kali huko huyafunga upesi, na mkia wa gari unahama njia. Kwenye tope jekundu la masika, hilo ni hatari kuliko breki dhaifu kidogo. Zaidi ya hapo, valvu inayopunguza presha ya nyuma ilipimwa kiwandani kwa ajili ya dramu. Kalipa za diski nazo huweza kudai mafuta mengi kuliko masta silinda ya zamani inavyosukuma, pedali ikazama. Fundi asiyegusa hayo mawili amebadili vyuma tu.

Atakayepinga atasema dramu ikipata moto hutanuka, ikaachana na brekishuu, na breki zikalegea. Ni kweli, na mwenye kupakia magunia ya vitunguu vya Mang'ola nyuma ana haki ya kuuliza. Ila joto la mteremko mrefu huzuiwa kwanza na gia: shuka na ya pili, injini ilishike gari, breki zipumzike. Kisha angalia mafuta ya breki. Kiwango cha DOT 3 kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mguu unakanyaga hewa, uwe na diski nne au mbili. Wala dramu si masalia ya ujinga: Volkswagen ilizifunga nyuma ya ID.3, gari la umeme lililoanza kuuzwa 2020, kwa kuwa zimefunikwa na hazishiki kutu upesi. Kifuniko hichohicho hupunguza vumbi la Karatu.

Kuna gari moja ambalo ningelikubalia: lile ambalo matoleo yake mengine yalitoka kiwandani na diski nyuma, kama baadhi ya Corolla za miaka ya 1990. Hapo fundi achukue seti nzima, pamoja na valvu, masta silinda na nyaya za handbreki. Kisha gari lipakiwe abiria na mzigo, lisimamishwe kwenye mlima kwa handbreki peke yake, na lisiondoke gereji mpaka litulie.