Chale, ndonya na tatuu: wanawake waliopanda jukwaani na alama zao

Msikilizaji, mavuno yakiisha Usukumani, msimu wa ngoma huanza. Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, na kwa desturi ya vyama hivyo mchezaji huchanjwa chale na kupakwa dawa ili ngoma yake ishinde. Chale na jukwaa ni ndugu wa siku nyingi, si kwetu tu.

Kusini mwa nchi yetu, wanawake wa Kimakonde walichanjwa nembo usoni na kupakwa mkaa ili zibaki nyeusi. Wengine walitoboa mdomo wa juu na kuvaa ndonya. Nyumbani hayo yalikuwa urembo na heshima.

Ugenini mambo yaligeuka. Mwaka 1930 sarakasi ya Ringling ya Marekani iliwaonyesha wanawake wa Kisara kutoka Chad, waliokuwa na visahani midomoni. Mabango yaliwaita washenzi wa "Ubangi", jina ambalo mtangazaji wa sarakasi aliliokota tu kwenye ramani. Heshima ya kwao ikawa kichekesho cha watu waliolipa kiingilio.

Wazungu nao walionyeshwa. Mwaka 1882, mjini New York, Nora Hildebrandt alisimama mbele ya watu akiwa amejaa michoro, akidai kwamba Wahindi Wekundu walimlazimisha baba yake amchore. Ilikuwa hadithi ya kuuzia tiketi. Maud Wagner, mwanasarakasi aliyezaliwa mwaka 1877, alikwenda mbali zaidi: alijifunza kuchora mwenyewe kwa sindano ya mkono, bila mashine, kisha akamfundisha bintiye. Hakubaki kutazamwa tu. Alishika sindano na kipato kikawa chake.

Leo, katika miji ya dhahabu ya Geita na Kahama, tatuu imekuwa jambo la kawaida kwa vijana. Kabla hujachorwa au kuchanjwa, fikiria mambo matatu.

Kwanza, wembe au sindano. Kikitumika kifaa kimoja kwa watu wengi, kinaweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka. Kufuta wembe kwa kitambaa hakusaidii. Kila mtu awe na wake mpya, ufunguliwe akiona.

Pili, chanjo. Homa hiyo ya ini ina chanjo, na pepopunda pia. Uliza kituo cha afya.

Tatu, ajira. Matangazo ya kujiunga na Jeshi la Polisi hutaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Binti anayeota kuvaa sare ajue hilo mapema, kwa kuwa mchoro wa dakika chache haufutiki kwa maji.

Kama ni alama ya ukoo au ya urembo, mwenye mwili ndiye aamue, na wembe uwe wake peke yake.