Isoni si lazima iwe aibu

Hapa mpakani Rusumo nimesikia mara nyingi maneno ya Kinyarwanda "afite isoni" yakifasiriwa "ana aibu". Kwa Mtanzania, aibu yaweza kuwa kuona haya tu, au doa la kosa. Kinyarwanda mara nyingi hutenganisha: isoni humzuia mtu kabla hajakosa, ikimwaro humpata akishaumbuka. Kiswahili nacho kina haya na fedheha, maneno yenye asili ya Kiarabu. Hata soni limo, ndugu wa isoni, ensonyi ya Kiganda na nsoni ya Kilingala.

Kwa hiyo, ndugu mliorejea na wafanyabiashara, binti asiyethubutu kudai deni lake semeni anaona haya. Mkisema ana aibu, wengine watauliza ameiba nini.