Bojan: Kinda aliyesingiziwa tumbo

SEPTEMBA 2007, Barcelona walimwingiza Bojan Krkić, dogo wa miaka 17, akaivunja rekodi ya Lionel Messi ya kuwa mdogo zaidi kuichezea timu hiyo La Liga. Fasta akabatizwa 'Messi mpya'.

Februari 2008 akaitwa Hispania kuikabili Ufaransa, mechi ya kirafiki. Akiwa chumba cha kubadilishia nguo, kizunguzungu na hofu kali vikamvaa, akalazwa kwenye kitanda cha matibabu. Mashabiki wakaambiwa ni tumbo. Kwa hali hiyohiyo akaikosa Euro 2008, wapo waliomtukana kwamba kaisusa nchi. Hispania ikabeba ndoo bila yeye.

Ukweli wote aliusimulia 2018, miaka kumi baadaye. Aliendelea kucheza hadi Japan, akastaafu 2023.

Huku kwetu je? Dogo akiteguka enka, kila mtu anakimbilia barafu. Akikosa usingizi, akijitenga, mazoezini haji, tunasema karogwa, kalewa sifa au 'hana moyo wa mpira'. Makocha na wazazi, muulizeni kwanza, kisha mpelekeni hospitali. Akili nayo inaumia, na inatibika.