Mwalimu wa Ushauri Nasaha Asishike Bakora

Mtoto wa skuli ya msingi mara nyingi hana maneno ya kueleza yanayomsibu. Mtu mzima mwenye huzuni atamwita rafiki yake amweleze. Mtoto wa miaka minane atapigana, atajikojolea, atalalamika kila Jumatatu kwamba tumbo linamuuma, au ataacha kuja skuli. Kazi ya mwalimu wa ushauri nasaha ni kuielewa tabia hiyo kabla skuli haijaihukumu.

Tuchukue Mkokotoni, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, mji wa soko la samaki na pahala pa kuvukia kwenda Tumbatu. Maisha ya ukanda huu yanaendeshwa na bahari. Bamvua inapoingia, mara mbili kwa mwezi, maji hutoka mbali na wakulima wa mwani katika vijiji kama Kidoti hushinda pwani. Wavuvi nao huenda dago, wakakaa huko siku nyingi. Kuna kina mama wanaotoka alfajiri kwenda kazini kwenye hoteli za Nungwi na Kendwa. Nyumbani hubaki bibi na wajukuu, na pengine mtoto wa Darasa la Tano ndiye anayemvisha mdogo wake wa Darasa la Kwanza.

Mwalimu wa darasa akifungua daftari la mahudhurio huona alama za utoro. Mwalimu wa ushauri nasaha hulitazama daftari hilo hilo pamoja na kalenda ya mwezi mwandamo. Kama mtoto hukosekana mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, basi huenda yuko pwani na mama yake, au amebaki nyumbani analea. Hapo linalotakiwa ni kukaa na mzazi na kupanga naye namna ya kazi kwenda bila kumpotezea mtoto masomo. Kama hukosekana siku zenye somo fulani tu, shida itafutwe ndani ya skuli: anaogopa somo, mwalimu au mwenzake. Na kama utoro hauna mpangilio, na mtoto anarudi amenyong'onyea, hapigi soga wala hachezi, basi ni wakati wa kuzungumza naye faraghani.

Mazungumzo hayo yana ufundi wake. Mtoto akiitwa kwa sauti mbele ya wenzake, hufika amejifunga. Akiulizwa "Una tatizo gani?", atajibu "Sina." Mwalimu anayeijua kazi yake huanza na jambo dogo la kila siku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Siku hizi asubuhi anakuamsha nani?"

"Naamka mwenyewe."

Jibu hilo fupi limeshafungua mlango wa nyumba. Swali linalofuata ni nani aliyelala nyumbani jana, kisha nani aliyepika. Kwa watoto wadogo zaidi, karatasi na penseli hufanya kazi kuliko maswali: mtoto achore watu anaokaa nao, kisha aeleze nani ni nani. Mwalimu hasahihishi mchoro na hamkatizi anapoeleza.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi hii hata kwa walimu wenye nia njema, nalo ni kuahidi siri isiyo na mpaka. Mtoto aambiwe mapema, kwa maneno mepesi: "Utakayonieleza sitayapeleka ovyo. Lakini kama kuna mtu anayekuumiza, nitawaambia watu wa kutusaidia." Ahadi ya namna hiyo inatekelezeka. Mwalimu anayeahidi kunyamaza, kisha akalazimika kusema, amemfundisha mtoto kwamba watu wazima hawaaminiki.

Na yapo mambo ambayo hayawezi kuishia katika chumba cha mwalimu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009, ulionesha kuwa hapa Zanzibar kiasi cha asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hizi zinatukumbusha jambo tunalolipuuza: mtoto wa kiume naye yumo hatarini, na kumwambia "wewe mwanamme, usilie" ni kumfunga mdomo. Mwalimu akipata habari ya aina hii, hachunguzi kama polisi, hamhoji mtoto mara tatu nne, wala hawakutanishi wazee wa pande mbili ili jambo liishe kimya kimya. Hulifikisha kwa mwalimu mkuu, kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Kivunge, isiyo mbali na Mkokotoni, kimewekwa ili mtoto apate matibabu, ushauri na msaada wa kisheria pahala pamoja. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, ni ya kinga na hufanyika darasani: kufundisha watoto kutaja hisia zao, kugombana bila kupigana, kukataa mguso wasioutaka na kumtambua mtu wa kumkimbilia. Walimu wa chuo cha Kurani wahusishwe pia, kwani mtoto anayesoma skuli asubuhi na kuingia chuoni mchana ana walimu wawili wanaoona nusu nusu ya siku yake.

Sasa tuje kwenye bakora. Mwalimu mmoja hawezi kuchapa saa nne na kusikiliza siri saa tano. Mtoto hatofautishi vyeo, anautambua mkono. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na katika jambo hili maslahi yake yako wazi: anayesikiliza asiwe ndiye anayeadhibu.

Kazi hii inahitaji pia muda. Chama cha washauri wa skuli nchini Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Kwetu kiwango hicho bado ni cha mbali, lakini tunaweza kuanza na kilicho karibu. Kila skuli ya msingi iwe na walimu wawili wa ushauri nasaha, mwanamke na mwanamme, waliopunguziwa vipindi na kupewa mafunzo. Wawe na chumba ambacho mazungumzo hayasikiki nje, wala mlango wake hautazamani na ofisi ya nidhamu.

Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina wajibu wake katika hili, lakini kamati ya skuli haina haja ya kungoja waraka. Mzazi unayesoma hapa, kikao kijacho cha skuli ya mwanao simama uulize: mwalimu wa ushauri nasaha ni nani, ana saa ngapi kwa wiki, na mtoto wangu anajua pa kumpata?