Mnanunua Nyumba Pwani ya Nchi Jirani?

Siku hizi si ajabu kusikia familia ya Kampala, Kigali, Bukavu au Arusha ikizungumza juu ya kuhamia pwani ya Kenya. Baba amekaribia kustaafu, watoto wakubwa wanajitegemea, kiinua mgongo kitalipwa mwakani, na yupo rafiki aliyenunua nyumba Malindi au Diani ambaye kila akipiga simu husifu upepo, samaki na nazi. Picha zinatumwa. Dalali anasema bei itapanda mwezi ujao. Mama, ambaye kwa miaka thelathini amehesabu kila shilingi ya nyumba hiyo, anaambiwa tu kwamba mambo yako tayari, aanze kufunga vyombo.

Hakuna ubaya katika ndoto ya kuishi karibu na bahari. Lakini kuhama nchi si sawa na kuhama mtaa. Mara nyingi nyumba ya kwao huuzwa ili kupata fedha za kununua ile ya pwani, na mambo yakiharibika hakuna pa kurudi. Tena anayeumia zaidi mara nyingi ni mama, kwa kuwa jina lake halimo katika karatasi hata moja. Basi mama, kabla hujafunga vyombo, soma pamoja nasi. Tutakaa zaidi Kenya, kisha tupite Tanzania.

Ndugu wa Jumuiya, mgeni wa ardhi

Wengi wanaamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua kila mlango. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho tu. Lakini ardhi iliachwa nje. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inasema katika kifungu chake cha 15 kwamba mambo ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Kwa hiyo Mganda, Mtanzania au Mkongo anayenunua nyumba Mombasa ni mgeni sawasawa na Mwitaliano anayenunua Malindi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, yasema mgeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kupangishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata wageni waliokuwa na umiliki wa kudumu kabla ya Katiba hiyo, umiliki wao uligeuzwa kuwa wa miaka 99. Unachonunua, basi, ni miaka, na swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni: imebaki mingapi? Hati iliyotolewa kwa miaka 99 mwaka 1960 inakwisha mwaka 2059. Mtoto wenu wa mwisho akiwa na miaka kumi sasa, atakuwa bado mtu wa makamo siku hiyo itakapofika. Muda unaweza kuombewa nyongeza, lakini kuomba si kupata, na bei ya nyumba yenye miaka michache isilingane na bei ya yenye miaka mingi. Madalali hawapendi kuulizwa jambo hili.

Yapo masharti mengine mawili ambayo wengi huyajua wakiwa wameshalipa. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka mgeni apate kibali cha maandishi cha Waziri kabla ya kununua viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka pale maji yanapofika bahari inapojaa. Hivyo ndivyo viwanja vyenyewe vinavyopigwa picha! Na shamba la kilimo, hata likiwa na minazi mizuri namna gani, haliuzwi kwa mgeni bila ruhusa maalumu ya Rais.

Jina la kuazima

Mtu akisikia hayo, atatokea mwingine wa kumnong'oneza kwamba njia ipo: andikisheni kwa jina la shemeji ambaye ni raia, au fungueni kampuni, au wekeni chini ya mdhamini. Watunga Katiba waliyaona hayo mapema. Kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni yatosha kuifanya ya kigeni. Mali iliyo chini ya mdhamini nayo huhesabiwa ya raia pale tu ambapo wote wanaofaidika nayo ni raia.

Ama jina la shemeji, hilo ni baya kuliko yote. Tuseme mume na mke kutoka Mwanza wamelipa fedha zao zote, hati ikaandikwa kwa jina la shemeji yao wa Kilifi. Shemeji akifa, nyumba ni urithi wa wanawe. Akikopa benki, nyumba ni dhamana yake. Akitalikiana na mkewe, mke huyo atadai sehemu yake, tena kwa haki. Wale wa Mwanza watakwenda mahakamani na karatasi gani, ikiwa karatasi yenyewe ilitungwa ili kuikwepa sheria?

Ardhi ya mwambao ina historia

Mtu wa bara amezoea kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye kiwanja. Katika mwambao wa Kenya sivyo siku zote. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukaendeshwa na Waingereza, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ikawataka watu wajitokeze kuandikisha madai yao. Waliojua kusoma na waliokuwa karibu na ofisi waliandikisha. Wengi wengine, hasa Wamijikenda, hawakuandikisha, na ardhi waliyoilima ikageuka kuwa ya Serikali au ya wenye hati walioishi mbali. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta kijiji kizima cha watu wanaoitwa maskwota juu ya ardhi ya mtu ambaye hawajapata kumwona.

Ndiyo maana pia upo utaratibu wa nyumba bila ardhi, unaojulikana sana Mombasa na Malindi. Mtu anajenga nyumba yake, tena ya mawe, juu ya ardhi ya mwingine, na kila mwezi au mwaka anamlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Nyumba hizo huuzwa na kurithiwa. Si utapeli, ni desturi ya zamani, lakini mgeni asiyeijua ataona bei ni rahisi na kudhani amebahatika. Ulizeni waziwazi: nauziwa nyumba, au nyumba pamoja na kiwanja?

Hata hati yenyewe haitoshi. Iko kesi ya kiwanja kimoja cha Nyali, Mombasa, kando ya bahari. Mwaka 1989 kiligawiwa rais wa wakati ule, baadaye kikauzwa na kuuzwa tena hadi kikafika kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya wananchi kwenda ufuoni, kwa kuwa mahali hapo palikuwa eneo la wazi la umma. Kampuni ilikuwa na hati mkononi. Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu Aprili 2023, ilisema hati peke yake hailindi mtu ikiwa ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria. Mnunuzi anapaswa kuchunguza hadi kwenye shina.

Kwa hiyo chukueni wakili wenu wenyewe, asiwe yule wa muuzaji. Afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi, afuate historia ya kiwanja tangu kilipogawiwa, na mpima ardhi aende na ramani kuzikagua bikoni. Nanyi nendeni mkakae barazani na majirani. Wazee wa mtaa hujua kama mahali palikuwa njia ya wavuvi, makaburi, au kiwanja cha mpira. Katika mahesabu yenu msisahau ushuru wa stempu: mjini ni asilimia 4 ya thamani, mashambani asilimia 2. Nyumba ya shilingi milioni 10 za Kenya mjini ina ushuru wa shilingi 400,000, mbali na ada ya wakili.

Na Tanzania je?

Kwa wanaotazama Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam, jibu ni fupi na kali zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, yasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, tena kupitia mamlaka ya uwekezaji. Nyumba ya kuishi ya mstaafu si uwekezaji. Familia ya Kikenya au ya Kirundi inaweza kupanga nyumba, haiwezi kupata hati ya kiwanja. Zanzibar ina sheria zake: kwa sheria ya mwaka 2010 mgeni anaweza kununua sehemu ya jengo, yaani fleti, katika miradi iliyoidhinishwa, na anayewekeza kuanzia dola 100,000 za Marekani katika miradi hiyo anaweza kuomba kibali cha ukaazi yeye na familia yake. Kwa wenye fedha hizo ni njia halali. Wengi wetu hatuko humo.

Jina la mama

Sasa tufike kwenye lile ambalo akina mama huona aibu kuliuliza. Katika hati hiyo ya Kenya, yameandikwa majina mangapi?

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Inakubali pia kwamba kupika, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango. Hayo ni mema. Lakini mchango wapaswa kuthibitishwa, na Mahakama ya Juu ilieleza wazi mwaka 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe. Upande wa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda vilevile nyumba ya familia isiuzwe kwa siri. Inasema mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao sawa kwa sawa. Tazama basi tofauti inayoletwa na mstari mmoja wa wino!

Mwulizeni wakili awaandikishe kama wamiliki wa pamoja wasiogawanyika. Maana yake, mmoja akifa, mwenzake anabaki na nyumba yote bila kungoja kugawana mirathi na ndugu. Nyumba ikiwa kwa jina la baba peke yake, mambo ni mengine: ardhi iliyo Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, hata kama marehemu na jamaa zake wote ni wa Bukavu. Mjane atafungua mirathi katika nchi ya kigeni, pengine akiwa bado kwenye matanga. Mume mwenye mapenzi hatakasirika kuulizwa jambo hili. Akikasirika, nionavyo mimi, safari ingoje kidogo.

Nyumba bila kibali

Kumiliki nyumba Kenya hakumpi mtu haki ya kuishi Kenya. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Raia wa nchi ya Jumuiya huingia na kukaa kama mgeni hadi miezi sita. Haki ya ukaazi katika Itifaki ni ya yule anayekwenda kufanya kazi au shughuli yake mwenyewe, pamoja na mwenzi na watoto wake. Mstaafu anayetaka kupumzika tu hana kazi ya kuombea. Kipo kibali cha daraja K, kwa mtu wa miaka 35 au zaidi mwenye kipato cha uhakika kutoka nje kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, naye haruhusiwi kufanya kazi. Pigeni hesabu ya pensheni: ni dola 2,000 kila mwezi.

Mara nyingi kibali ni cha baba, na mama huingizwa kama mtegemezi. Siku baba akifariki, kibali kimeondoka naye. Mama anaweza kuwa na nyumba, jina lake limo katika hati, na bado akatakiwa kueleza anakaa nchini kwa idhini gani. Wanaohama wawe wamekwisha kuzungumza na ofisi ya uhamiaji kuhusu jambo hilo, wote wawili wakiwa hai na wazima.

Pangeni kwanza mwaka mmoja

Ushauri ulio rahisi kuliko yote ni kupanga nyumba kwa mwaka mzima kabla ya kununua. Wengi huja Desemba wakati wa kaskazi, bahari imetulia, mji umejaa wageni. Njooni pia Mei, mvua kubwa zinaponyesha, hoteli kadhaa zimefungwa, njia ya kwenda ufuoni ni tope na upepo wa kusi unaingia kwa kila tundu. Mtaona mabati yanavyoshika kutu kwa hewa ya chumvi, bawaba za madirisha zikilika na jokofu likifa kabla ya wakati wake. Paa la makuti ni zuri na lina ubaridi, lakini lazima liezekwe upya kila baada ya miaka michache. Ulizeni bei ya kazi hiyo kabla ya kulisifu.

Maji je? Visima vya karibu na bahari huingiwa na chumvi, hasa majirani wengi wanapovuta kwa pampu. Muuzaji atakuonyesha kisima baada ya mvua. Wewe rudi Februari au Machi, ukiangazi umekaza, uyaonje tena, ufulie nguo moja kwa sabuni ya mche uone kama inatoa povu.